Mahindi kwenda Kenya: Safari huanzia kwenye turubai, si Namanga

LORI lenye tani 30 za mahindi linapofika Namanga na dereva akaambiwa aegeshe pembeni, hasara huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Mwenye lori anadai fedha ya kusubiri. Dereva na utingo wake wanadai posho. Mnunuzi aliyeko Nairobi hupiga simu mara ya kwanza kuuliza, mara ya pili kulalamika, na mara ya tatu kusema ameshapata mzigo kwingine.

Mara nyingi kinachomkwamisha mwenye mzigo ni karatasi. Hata hivyo, wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba karatasi hiyo haitolewi mpakani, au inatolewa lakini mahindi yaliyomo ndani ya magunia hayawezi kukidhi kile ambacho karatasi inatakiwa kukishuhudia.

Wafanyabiashara wa nafaka bado wanaikumbuka Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango kinachokubalika.

Siku tano baadaye, tarehe 10, zuio liliondolewa, lakini yakaja masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa. Aeleze maghala yake yako wapi. Mzigo uambatane na cheti kinachothibitisha kuwa sumu aina ya aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Pawepo na cheti cha uasili wa bidhaa.

Zuio lenyewe lilidumu siku tano, lakini foleni ilidumu zaidi. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi kwa ziara yake ya kwanza ya kitaifa nchini Kenya, suala la mahindi yaliyokwama mpakani lilikuwa bado mezani, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza limalizwe ndani ya wiki mbili. Kwa mfanyabiashara aliyekopa ili kujaza lori, miezi miwili ni muda wa kutosha kufilisika.

Wapo waliosema hiyo ilikuwa vita ya biashara tu. Huenda siasa haikosekani pale mahindi yanapohusika, kwa kuwa wakulima wa Kenya nao wanataka bei nzuri. Lakini sumukuvu si kisingizio kilichobuniwa mezani. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, ambako karibu watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuna jambo jingine linalosahaulika katika malalamiko ya mpakani. Kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni si cha Kenya peke yake. Kimo katika kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho kinaihusu Tanzania pia. Kiwango hicho, katika toleo lake la mwaka 2017, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, aflatoksini zote kwa pamoja zisizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile kali zaidi, inayoitwa B1, isizidi 5.

Kwa maneno mengine, mahindi yanayostahili kukataliwa Namanga kwa sababu ya sumukuvu hayafai kuliwa hata Kibaigwa. Tofauti ni kwamba Namanga kuna mtu anayepima.

Sumu ndogo kuliko kidonge

Sehemu 10 kwa bilioni ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Katika lori la tani 30, sumu yote inayoruhusiwa ikikusanywa pamoja haizidi theluthi moja ya gramu. Dawa iliyomo katika kidonge kimoja cha kawaida cha parasetamoli ni nusu gramu.

Ndiyo maana hesabu ya mchanganyiko humponza mfanyabiashara asiyekuwa na hila yoyote. Chukua mfano wa mtu anayenunua Kibaigwa, mkoani Dodoma, magunia 300 ya kilo 100 kutoka kwa wakulima 60. Magunia 290 ni safi, yana sumu ya sehemu 2 tu kwa bilioni. Magunia 10 yaliyobaki yametoka kwa mkulima aliyeanika juu ya udongo na kunyeshewa, nayo yana sehemu 300. Wastani wa lori zima unakuwa karibu 12. Lori lote limeshindwa kwa sababu ya magunia 10.

Mkulima wa magunia hayo hakuiba wala hakudanganya. Inawezekana hata yeye hajui. Kuvu wanaotengeneza sumu hii huishi kwenye udongo na mabaki ya mazao, huingia kwenye punje shambani wakati wa ukame au pale wadudu wanapotoboa gunzi, kisha huongezeka kwa kasi mahindi yakikaa na unyevu. Kuanika tena mahindi yaliyokwisha kuota ukungu huwazuia kuvu kuendelea, lakini sumu waliyokwisha kuiacha hubaki pale pale. Kuchemsha ugali hakuiondoi.

Hapo ndipo turubai linapokuwa na thamani kuliko muhuri. Mahindi yaliyopukuchuliwa yakianikwa kwa tabaka jembamba juu ya turubai au sakafu ya saruji, yakageuzwa mara kwa mara na kufunikwa jioni kabla umande haujashuka, yanakuwa yamepita sehemu kubwa ya mtihani wa Namanga. Kupiga magunzi kwa fimbo ndani ya gunia, desturi ya vijiji vingi, huvunja punje na kuwafungulia kuvu mlango. Mashine ya kupukuchua iliyorekebishwa vizuri ina nafuu, na kuchambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi huondoa sehemu kubwa ya sumu, maana hujikusanya zaidi katika punje hizo.

Unyevu nao una kipimo cha nyumbani. Mkulima huchukua chupa ya kioo iliyo kavu, hutia mahindi mpaka robo yake, huongeza kijiko cha chumvi kavu, hufunga na kutikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha huiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au hapo hapo, na yarudi juani. Isipoganda, yamefika chini ya 15. Hata hivyo, chini ya 15 si lazima iwe 13.5. Anayetaka kuuza nje anahitaji kipima unyevu cha mashine, ambacho kikundi kinaweza kununua kwa kuchangiana, au kuazima kwenye ghala lililo jirani.

Mahindi makavu yakiingizwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, hukaa bila kuvamiwa na dumuzi, mdudu ambaye wakulima wa Tanzania walimbatiza jina la Scania kwa jinsi anavyosaga ghala. Lakini mahindi mabichi yakifungiwa humo huharibika.

Wapo pia wanaoanza mapema zaidi. Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, hutumia kuvu wa jamii ile ile ambao hawatengenezi sumu ili kuwasukuma nje wale wanaoitengeneza. Humwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kiasi cha kilo nne kwa ekari. Si mbadala wa kuanika.

Karatasi zinazofuatana

Mfanyabiashara akishakuwa na uhakika wa mahindi yake, ndipo zamu ya karatasi inapofika. Kosa la kawaida ni kuzikusanya kwa mpangilio wowote, kama anayeokota kuni. Nyingine haziwezi kutolewa kabla ya wenzake.

Ya kwanza haitoki Tanzania kabisa. Mnunuzi wa Kenya ndiye anayeomba kibali cha kuingiza mimea na mazao kutoka shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la nchi yake, KEPHIS. Kibali hicho huandikwa masharti, kwa mfano wadudu ambao hawatakiwi kuonekana kwenye mzigo. Nakala yake inapaswa kumfikia muuzaji kabla hajapakia, kwa sababu mkaguzi wa Tanzania atataka kujua ni masharti gani anayotakiwa kuyathibitisha.

Mkaguzi huyo ni wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Hukagua mzigo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Akikuta wadudu hai, mahindi lazima yafukizwe, na kazi hiyo hufanywa na wenye ujuzi na kibali, magunia yakiwa yamefunikwa kwa siku kadhaa. Siku hizo zikitumika ghalani ni sehemu ya maandalizi. Zikitumika mpakani, lori limesimama na mita inasoma.

Hapa panahitaji mkazo, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Cheti cha afya ya mimea kinazungumzia wadudu na magonjwa ya mimea. Hakisemi lolote kuhusu sumukuvu. Mfanyabiashara anayekipeperusha mbele ya ofisa wa Kenya anayeuliza kuhusu aflatoksini anajibu swali ambalo hakuulizwa. Usalama wa chakula una cheti chake, kinachotokana na vipimo vya maabara inayotambulika, na kwa upande wa Tanzania anayesimamia viwango ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kipimo cha maabara nacho ni kizuri kwa kadiri ya sampuli iliyopelekwa. Kwa kuwa sumu hujificha katika punje chache, kuchota kilo moja kwenye gunia lililo karibu na mlango ni kujidanganya. Bambo linatakiwa lichome magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, punje zote zichanganywe vizuri, kisha ndipo ichukuliwe ya kupeleka maabara. Mfanyabiashara mwenye busara hufunga sampuli ya pili, huiandika tarehe na namba ya mzigo, na kuiweka. Majibu ya pande mbili yakipingana, anakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kuna pia vipimo vya haraka vya vijiti, ambavyo hutoa majibu katika muda usiofika saa moja. Havichukui nafasi ya cheti, lakini mnunuzi wa Kibaigwa angeweza kuvitumia kabla ya kuchanganya mahindi ya watu 60. Yale magunia 10 yangebaki nje ya lori.

Karatasi inayodharauliwa kuliko zote ni cheti cha uasili. Ndicho kinachosema mahindi haya yamelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo hayatozwi ushuru wa forodha. Umoja wa forodha wa Jumuiya ulianza Januari 1, 2005, na ushuru wa pamoja uliowekwa kwa mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 50. Mzigo usio na cheti cha uasili unaweza kutazamwa kama mgeni wa mbali. Nusu ya thamani ya lori inaning'inia kwenye karatasi hiyo.

Wakati wa kuomba, stakabadhi za ushuru wa mazao kutoka halmashauri husaidia kuonyesha mzigo ulikotoka. Kuna wanaozitupa mara baada ya kupita kizuizi. Zitunzwe.

Yanabaki kibali cha kusafirisha nafaka nje kutoka Wizara ya Kilimo, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, hati ya mauzo na tamko la forodha linaloandaliwa na wakala. Hayo yanajulikana zaidi, ila kuna tatizo la kusomana. Jina kwenye kibali liwe lile lile kwenye hati ya mauzo. Namba ya lori ikibadilika kwa sababu lori la kwanza liliharibika Makuyuni, karatasi nazo zibadilishwe.

Uzito ndio ugomvi mkubwa. Lumbesa, mbali ya kumwibia mkulima, humrudi mnunuzi mpakani. Hati inasema magunia 100 ya kilo 100, yaani tani 10. Mzani unasoma tani 11 na nusu. Ofisa wa forodha hana namna ya kujua kwamba ile tani moja na nusu ni vilemba vya magunia. Kwake ni mzigo ambao haukutamkwa.

Mzigo mdogo, nafuu na mipaka yake

Si kila mtu anavusha lori. Namanga, Holili, Sirari na kwingineko wapo akina mama na vijana wanaovusha magunia matano, kumi au ishirini. Kwao upo utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya. Mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, na ambao bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa hapo hapo mpakani na maofisa wa forodha. Hakuna haja ya kwenda mjini wala kumlipa wakala wa forodha.

Kama gunia la kilo 100 lina thamani ya dola 30, kiwango hicho kinatosha magunia 66. Si haba.

Pamoja na hayo, utaratibu huu umezaa imani potofu kwamba mzigo wa chini ya dola 2,000 hauhitaji karatasi yoyote. Kilichorahisishwa ni uasili na tamko la forodha. Masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula yako pale pale, hata kwa gunia moja. Anayeambiwa vinginevyo na kijana aliyesimama nje ya geti, na akadaiwa fedha kidogo ya kurahisisha mambo, amekutana na kishoka.

Vishoka hustawi mahali ambapo watu hawajui mlango wa kuingilia. Tangu kituo cha pamoja cha Namanga kilipozinduliwa rasmi Desemba 1, 2018, lori linalotoka Tanzania halisimami mara mbili. Linapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja. Anayejua hilo huingia ndani na kuuliza dirishani. Asiyejua humwachia mtu mwingine karatasi zake halisi, na wengine hawazioni tena.

Njia za panya nazo zina watetezi wake, wanaosema zinaokoa muda. Anayepita huko hana cheti, kwa hiyo mnunuzi humpangia bei anayotaka. Akikamatwa hupoteza mahindi, na mara nyingine chombo kilichoyabeba.

Masharti yanayobadilika

Lawama haziwezi kuishia kwa wafanyabiashara. Serikali zenyewe zimekuwa zikibadilisha masharti katikati ya msimu, na jambo hilo limewaumiza watu waliofuata sheria. Juni 2017 Tanzania ilizuia mahindi kutoka nje bila kibali na kuhimiza uuzwe unga badala ya nafaka. Mwaka 2023 ikasisitiza kwamba anayepeleka mazao nje awe na biashara iliyosajiliwa nchini na vibali vyote, hatua iliyowakuta baadhi ya wanunuzi wakiwa tayari na mahindi mkononi. Julai 2025 ikaja amri iliyowazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, ikiwemo kununua mazao shambani.

Amri hiyo ya mwisho ina faida kwa mfanyabiashara mdogo wa Kitanzania, kwa kuwa mnunuzi wa Nairobi sasa anahitaji mtu wa kumkusanyia. Lakini inamtwika pia mzigo wa karatasi ambao zamani Mkenya aliubeba mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua gunia la kwanza la msimu, ni vema kuuliza upya ofisi ya kilimo ya wilaya, TPHPA na wakala wa forodha ni masharti gani yanayotumika mwaka huo. Karatasi iliyopita mwaka jana inaweza isipite mwaka huu.

Liko pia suala la makubaliano, ambalo wengi hulimaliza kwa simu. Nani anabeba gharama endapo mzigo utakataliwa? Sampuli itachukuliwa wapi, ghalani au mpakani, na maabara ipi ndiyo itakayoaminiwa? Fedha za lori kusubiri zinaanza kuhesabiwa kwa nani, na baada ya siku ngapi? Bila maandishi, mwenye mahindi ndiye hubaki nayo barabarani, kilomita zaidi ya 100 kutoka Arusha, huku akitafuta wa kuyanunua kwa bei ya chakula cha kuku. Hata wa kuku hawapaswi kuyachukua, maana sumu hiyo huwadhuru nao.

Msimu uliopita ukiwa umeacha madeni, si rahisi kumshawishi mtu atoe fedha ya vipimo kabla hajauza. Baadhi ya vikundi vimeanza kuligawa deni hilo kwa gunia: kila mkulima anachangia kidogo, mahindi yanapimwa unyevu mlangoni mwa ghala, na jina lake linaandikwa kwenye gunia kwa wino usiofutika. Gunia likileta shida, linajulikana limetoka kwa nani, na mazungumzo yanafanyika kijijini, lori likiwa bado halijapakiwa.